Mzinga wa Kondoa na Ngalawa ya Mvuvi

Kondoa iko mamia ya kilomita kutoka pwani. Hata hivyo, mwezi wa Mei, 1916, vilima vyake vilisikia mlio wa mzinga wa manowari. Mzinga huo ulitoka katika Königsberg, merikebu ya Wajerumani ambayo tarehe 20 Septemba, 1914, iliishambulia Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja na kuizamisha, kisha ikajificha katika delta ya Rufiji. Milingoti yake ilifungwa matawi ili ifanane na miti ya ukingoni. Waliomtafuta adui huyo walitegemea sana macho: ya baharia aliye mlingotini na ya rubani aliye angani. Iliangamizwa Julai, 1915, na Wajerumani wakaiopoa mizinga yake, wakaikokota bara.

Nayakumbusha hayo kwa sababu leo mambo yamepinduka. Manowari ile, mlima mzima wa chuma, ilitaka isionekane. Ngalawa ya mvuvi haina adui. Yataka ionekane usiku na meli kubwa ipitayo, nayo haionekani.

Mwaka 1935 Robert Watson-Watt aliwathibitishia Waingereza kwamba mawimbi ya redio yakiigonga ndege hurudi, na yaweza kunaswa ardhini. Ndiyo asili ya rada yao, ambayo baadaye ilienea melini. Lakini chuma hurudisha mawimbi kwa nguvu. Mti, tanga na ile mitumbwi ya plastiki ya wanamichezo hurudisha kidogo mno. Tena bahari iliyochafuka nayo hutoa mwangwi wake. Nahodha akipunguza vumbi hilo katika kioo cha rada, pengine huifuta ngalawa pamoja nalo.

Dawa yake ni nyepesi ajabu. Twaa mabamba matatu ya madini, uyaunge kwa pembe mraba, kama kona ambapo kuta mbili hukutana na sakafu. Wimbi likiingia humo hurushwa kutoka bamba hadi bamba, likatoka likielekea kule kule lilikotoka. Ukizidisha urefu wa kila upande mara mbili, mwangwi huongezeka mara 16. Basi kidude cha ukubwa wa kiganja ni pambo tu. Bamba likipinda kidogo, nguvu nyingi hupotea. Na sufuria iliyotundikwa mlingotini, kwa kuwa ni ya mviringo, hutawanya mawimbi kila upande.

Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, kwa kanuni zilizoanza kutumika 2002, wavitaka vyombo vya chini ya tani 150 viwe na kifaa cha namna hiyo, iwapo yawezekana. Hata hivyo, waiachia kila serikali kuamua kanuni hiyo ivibane kiasi gani vyombo vidogo na vya uvuvi. Kwa maoni yangu, hapo ndipo mvuvi alipoachwa gizani. Mabamba hayo hufungwa juu kadiri mlingoti uwezavyo kuhimili, na taa haizimwi, kwani si kila nahodha atazamaye kioo chake.