Jaketi la mvua la baiskeli

Jaketi la mvua la baiskeli ni vazi jepesi la juu linalomkinga mwendesha baiskeli dhidi ya mvua na upepo. Hutofautiana na koti la mvua la kawaida kwa sababu anayelivaa huwa anatoa jasho jingi, ameinama mbele, na hupigwa na upepo kifuani muda wote. Kwa hiyo hutakiwa kuzuia maji ya nje yasiingie na wakati huohuo kuruhusu mvuke wa jasho utoke.

Umuhimu

Mtu aliyelowa hupoteza joto haraka kuliko aliye mkavu, na upepo huongeza upotevu huo. Hatari ni kubwa zaidi kwenye mteremko mrefu: mwendo ni wa kasi, huku miguu imepumzika na mwili hauzalishi tena joto jingi. Vidole vikifa ganzi, kushika breki huwa vigumu.

Mfano unaojulikana sana ni hatua ya 14 ya mashindano ya Giro d'Italia nchini Italia, tarehe 5 Juni 1988. Siku hiyo washindani walivuka mlima kupitia Gavia, kwenye kimo cha zaidi ya mita 2,600, theluji ikianguka. Mholanzi Johan van der Velde alitangulia kufika juu akiwa amevaa fulana ya mikono mifupi, lakini alizidiwa na baridi wakati wa kushuka na kumaliza zaidi ya dakika 40 nyuma ya mshindi wa hatua. Mmarekani Andrew Hampsten, ambaye timu yake ilikuwa imenunua nguo za baridi mapema, alimaliza wa pili, akashika uongozi na hatimaye kushinda mashindano yote.

Kitambaa

Zamani waendesha baiskeli walivaa nguo za sufu, au makoti ya plastiki yaliyozuia mvua lakini pia yalifungia jasho ndani. Mwaka 1969 Robert W. Gore wa Marekani aligundua namna ya kuvuta plastiki ya PTFE hadi ikawa utando wenye matundu madogo mno. Tone la maji haliwezi kupita kwenye matundu hayo, lakini mvuke hupita. Ugunduzi huo ulizaa kitambaa cha Gore-Tex.

Kwa kawaida utando hubandikwa chini ya kitambaa cha nje cha nailoni au poliesta. Kitambaa hicho hutiwa dawa inayofanya maji yawe matone na kuteleza. Dawa ikiisha, kitambaa cha nje hufyonza maji. Hapo utando bado hauvuji, lakini mvuke hautoki vizuri na mvaaji hulowa kwa jasho lake mwenyewe. Wengi hudhani jaketi limechakaa na kulitupa, ilhali lingeweza kurudishiwa dawa.

Kuchagua

* Uwezo wa kuzuia maji hupimwa kwa kimo cha maji, kwa milimita, ambacho kitambaa hustahimili kabla ya kuvuja.
* Uwezo wa kupitisha jasho hupimwa kwa gramu za mvuke zinazopita katika mita moja ya mraba kwa saa 24.
* Mishono inapaswa kuzibwa kwa tepe upande wa ndani, la sivyo maji hupenya kwenye matundu ya sindano.
* Mgongo uwe mrefu kufunika kiuno, na mikono ifike kwenye kifundo mtu anaposhika usukani.
* Jaketi lisipwaye, kwani hupepea na kumchosha mwendeshaji.
* Rangi angavu na mistari inayoakisi mwanga humsaidia kuonekana na madereva.

Mahali pasipo na mvua kubwa, kizibao cha kuzuia upepo kinachokunjwa na kuwekwa mfukoni huweza kutosha.

Matunzo

Jasho, mafuta ya ngozi na matope huziba utando, hivyo jaketi lifuliwe likichafuka. Hufuliwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya maji isiyo kali, zipu zikiwa zimefungwa, kisha husuuzwa vizuri. Dawa ya kulainisha nguo na jiki hazifai. Lebo ikiruhusu, joto dogo la mashine ya kukaushia au pasi huamsha upya dawa ya nje. Maji yakiendelea kufyonzwa, hupakwa dawa mpya ya kunyunyizia. Jaketi lisihifadhiwe likiwa bichi, kwani huota ukungu.

Mazingira

Dawa nyingi za zamani zilikuwa na kemikali za PFAS, ambazo haziozi kwa urahisi na hubaki muda mrefu katika maji na udongo. Jimbo la California nchini Marekani lilipiga marufuku kemikali hizo katika nguo nyingi kuanzia mwaka 2025. Dawa mbadala huisha mapema zaidi, hivyo majaketi mapya huhitaji kufuliwa na kupakwa dawa mara nyingi zaidi.