Nozeli za mashine ya kuoshea magari

Nozeli ya mashine ya kuoshea magari ni kipande kidogo kinachofungwa kwenye ncha ya bunduki ya maji ya mashine ya presha. Hupitisha maji yanayosukumwa na pampu katika tundu jembamba, ili yatoke kwa kasi kubwa na kwa umbo maalumu. Nozeli inayofaa huondoa tope bila kudhuru gari. Isiyofaa inaweza kubandua rangi, kuharibu tairi au kumjeruhi mwoshaji.

Jinsi inavyofanya kazi

Pampu husukuma kiasi kilekile cha maji kila dakika. Nozeli ndiyo inayoyabana na kuamua yatapakaa eneo kubwa kiasi gani. Maji yakitoka kama mstari mmoja, nguvu yote hugonga mahali padogo. Yakitoka kama upepeo, nguvu hiyo hugawanyika.

Umbali pia una athari kubwa. Nozeli ya nyuzi 40 ikishikwa sentimita 30 kutoka kwenye gari, upepeo wake huwa na upana wa sentimita 22 hivi. Ile ya nyuzi 25 hufikia sentimita 13, na ya nyuzi 15 sentimita 8. Kusogeza nozeli karibu hupunguza upana huo na kuongeza nguvu ya pigo.

Pembe na rangi

Watengenezaji wengi hutumia rangi kuonyesha pembe ya maji:

- Nyekundu (nyuzi 0): maji hutoka kama mstari. Haifai kuoshea gari.
- Njano (nyuzi 15): hutumika kwenye zege na vyuma vizito. Ni hatari kwa rangi ya gari.
- Kijani (nyuzi 25): hufaa kwa rimu za chuma na chini ya gari, ikishikwa mbali kidogo.
- Nyeupe (nyuzi 40): hufaa kwa bodi, vioo na sehemu zote zilizopakwa rangi.
- Nyeusi (nyuzi 65): ni ya kupaka sabuni. Tundu lake ni kubwa, hivyo presha hushuka na mashine huweza kuvuta sabuni kutoka kwenye chombo chake.

Nozeli inayozunguka hurusha mstari wa nyuzi 0 kwa mduara. Ingawa eneo linaloloa huonekana pana, kila pigo lina nguvu ya nozeli nyekundu, hivyo nayo haifai kwa bodi ya gari.

Baadhi ya bunduki hazina nozeli za rangi, bali zina kichwa kimoja cha kuzungushwa kwa mkono. Kichwa hicho hufunguliwa hadi maji yawe upepeo mpana kabla ya kuelekezwa kwenye gari.

Namba ya tundu

Mbali na pembe, nozeli huwa na namba ya ukubwa wa tundu. Nozeli iliyoandikwa 25040 ina pembe ya nyuzi 25 na tundu namba 4.0. Namba hiyo ni idadi ya galoni za Marekani zinazopita kwa dakika katika presha ya psi 4,000.

Tundu lazima lilingane na pampu. Kwa mfano, pampu inayotoa lita 10 kwa dakika hufanya kazi karibu na bar 150 ikiwa na nozeli namba 3.5. Ikifungwa namba 4.0, presha hushuka hadi bar 120 hivi. Ikifungwa namba 3.0, presha huelekea kupita bar 200, jambo linaloweza kuharibu pampu na mipira ya maji ikiwa havikutengenezwa kwa presha hiyo.

Mchanga katika maji hula tundu polepole. Nozeli iliyolika hupunguza presha hata kama pampu ni nzima, hivyo hukaguliwa kwanza kabla ya kufungua pampu. Chujio kwenye njia ya kuingizia maji huilinda.

Matumizi Karagwe na Kyerwa

Wilaya za Karagwe na Kyerwa ziko katika Mkoa wa Kagera, kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Kyerwa ilitengwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Barabara ya Kyaka hadi Bugene ina lami, lakini njia nyingi za vijijini ni za udongo au changarawe. Wakati wa mvua, malori ya kahawa na ndizi, magari ya abiria na bodaboda hurudi yamejaa udongo mwekundu unaonata.

Tope lililokauka humshawishi mwoshaji kutumia nozeli yenye pembe ndogo. Njia salama ni kulilainisha kwanza:

1. Gari hulowanishwa kwa nozeli nyeupe, kuanzia juu kwenda chini.
2. Sabuni hupakwa kwa nozeli nyeusi na kuachwa dakika chache bila kukauka.
3. Tope la chini na ndani ya madigadi huondolewa kwa nozeli ya kijani.
4. Bodi husuuzwa kwa nozeli nyeupe kabla ya kufutwa kwa kitambaa, kwa sababu mchanga uliobaki hukwaruza rangi.

Mapezi ya rejeta, nyaya za umeme na beringi za pikipiki havipigwi maji ya presha moja kwa moja. Tairi huoshwa kwa upepeo mpana kutoka mbali, kwani pigo la karibu linaweza kudhuru nyuzi za ndani bila alama kuonekana nje.

Usalama

Maji ya presha kubwa yanaweza kupenya ngozi. Jeraha huweza kuonekana dogo kama la sindano, ilhali maji na uchafu vimeingia ndani kabisa. Majeruhi hupelekwa hospitali mara moja, hata kama hasikii maumivu makali. Kabla ya kubadilisha nozeli, mashine huzimwa na kitufe cha bunduki kubonyezwa ili presha iliyobaki itoke.

Mazingira

Maji ya kuoshea magari hubeba mafuta na sabuni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli zinazoweza kuathiri mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa. Hilo linahusu pia Mto Kagera, unaopita mpakani mwa wilaya hizo na kumwaga maji yake katika Ziwa Viktoria.