Fimbo ya Snuka na Swali la Ujuzi wa Mikono

Kila muhula, tunapofika kwenye mada ya viwanda, hujitokeza mwanafunzi wa kuniambia kwamba tumebaki nyuma kwa sababu hatuna mitambo. Mwaka huu niliacha kubishana. Niliingia darasani na fimbo ya kuchezea snuka, yenye urefu wa sentimita 147 na uzito wa takriban nusu kilo, nikawauliza imetoka wapi. Wengi walisema Uingereza. La hasha, imetengenezwa Thailand, kwa mti wa eshi uliokatwa Amerika Kaskazini, katika karakana ambayo sehemu kubwa ya kazi hufanywa kwa randa, gundi na msasa.

Fimbo hii ina nasaba ndefu. Katika Ulaya ya karne ya 17 mipira ya biliadi ilisukumwa kwa gongo lenye kichwa kipana. Mpira ulipoganda ukingoni mwa meza, mchezaji aligeuza gongo na kutumia mkia wake, na jina la Kiingereza la fimbo hii latokana na neno la Kifaransa lenye maana hiyo hiyo ya mkia. Mwanzoni mwa karne ya 19 Mfaransa François Mingaud aliutia mkia huo kipande cha ngozi nchani, na tangu hapo mpira ukaweza kuzungushwa apendavyo mchezaji. Snuka yenyewe ilizaliwa mwaka 1875 huko Jabalpur, India, miongoni mwa maofisa wa jeshi la Uingereza, na hutajwa kuwa ilibuniwa na Neville Chamberlain (siye yule aliyekuja kuwa Waziri Mkuu). Kutoka huko ikasambaa katika klabu za wakoloni, ambamo mwenyeji aliingia akiwa amebeba sinia.

Nasi tulikuwamo katika mchezo huo, ila upande wa malighafi. Mipira ilichongwa kwa pembe za ndovu, na pembe laini za Afrika Mashariki, zilizoshushwa pwani kwa mabega ya wapagazi na kupitia Zanzibar, zilisifiwa kuliko nyingine. Kufikia mwaka 1863 pembe zilikuwa adimu na ghali kiasi kwamba kampuni moja ya New York ilitangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayebuni kitu mbadala. Juhudi hizo ndizo zilizomwelekeza John Wesley Hyatt kwenye seluloidi, mojawapo ya plastiki za mwanzo. Wapagazi hawamo katika hadithi hiyo kama isimuliwavyo kwa kawaida.

Turudi kwenye fimbo, kwa kuwa ndiyo iliyonipeleka darasani. Fundi huanza kwa kuchagua ubao wa eshi uliokauka vyema, ambao nyuzi zake zinakwenda sawa kutoka mwanzo hadi mwisho, kwani nyuzi zikikimbilia ubavuni fimbo itapinda. Huupiga randa akiuzungusha kidogo kidogo, mpaka unene wa karibu milimita 29 nyuma upungue hadi 9 au 10 mbele. Kisha huja kazi ya kitako. Huchonga bapa la mteremko upande mmoja, akalibandika kipande cha abunusi kwa gundi, akasubiri kikauke. Ndipo ageukie upande wa pili, wa tatu na wa nne. Abunusi huongeza uzito nyuma na kuipa fimbo mizani. Baadaye huviringishwa yote kwa randa, ikapakwa mafuta ya kitani. Penye maungio hujitokeza ncha nne: za mashine huwa kali kama mkuki, za mkono hujikunja kama tao, na pengine moja huizidi nyingine kwa unywele. Kasoro hiyo ndogo ndiyo inayolipiwa.

Kwa zaidi ya karne moja ustadi huu ulihesabiwa kuwa mali ya Waingereza. Leo fimbo nyingi zinazoheshimika hutoka Thailand na Pakistan. Thailand haina misitu ya eshi. Ilichokuwa nacho ni wachezaji, hasa baada ya James Wattana kung'ara miaka ya 1990, na maseremala waliokubali kujifunza upya.

Najua pingamizi la wachumi wenzangu, na wana haki: soko la fimbo za snuka ni dogo, na mchezo wenyewe hapa kwetu una wachezaji wachache. Sidai tufungue karakana za fimbo. Nazungumzia mpingo. Mti huu wa Kilwa na Lindi, ambao mabaki ya misumeno yake pekee yangemtosha mchongaji wa Kimakonde kwa miezi, huondoka nchini ukiwa vipande vya mche vilivyopakwa nta, ukakerezwe ng'ambo kuwa zumari za orkestra. Tunapoulizwa sababu, twataja mitambo. Katika mikutano ya sera niliyohudhuria, fundi seremala sijawahi kumwona mezani, isipokuwa kama ndiye aliyeitengeneza meza.

Fimbo ilipozungushwa darasani, wengi waliishika kama rungu. Kijana mmoja wa nyuma aliinyanyua hadi jichoni, akatazama urefu wake kama mtu anayekagua papi, kisha akapitisha kidole gumba juu ya zile tao nne.

"Mwalimu," akasema, "hii ya tatu aliirudia. Gundi ya kwanza haikushika."

Nilimuuliza amejuaje. Akanijibu kwamba baba yake hutengeneza milango.