Mbwa wa Ulinzi: Malezi, Mafunzo na Mashindano, kwa Kuitazama Olkaria

Mbwa wa ulinzi ni mbwa aliyefunzwa kumkinga mtu, mali au eneo kwa amri ya mwongozaji wake, na kuacha kwa amri hiyohiyo. Maneno ya mwisho ya maelezo haya ndiyo mazito, na ndiyo yanayosahaulika. Kumfanya mbwa ang'ate si kazi. Meno kazaliwa nayo. Kazi ni kumfanya aachie mkono wa mtu anayepiga kelele, damu ikiwa imemchemka, kisha akae kando ya bwana wake akingoja neno. Kwa kipimo hicho, mbwa wengi walio nyuma ya vibao vya "Mbwa Kali" kuanzia Nakuru mjini hadi Naivasha si mbwa wa ulinzi. Wamefungwa mnyororo mchana kutwa, hufunguliwa usiku, na hawajui kumtofautisha mgeni na mwizi. Mbwa wa namna hiyo humng'ata jirani aliyekuja kuomba chumvi, na mwizi akifika na jiwe humkimbia.

Olkaria ni mahali pazuri pa kuuelezea ufundi huu kwa sababu pana karibu kila kitu kinachomjaribu mbwa. Eneo hilo liko kusini mwa Ziwa Naivasha, katika mwinuko wa takriban mita 2,000. Kituo cha umeme wa mvuke cha Olkaria I kilianza kazi mwaka 1981, Olkaria IV kikafuata mwaka 2014 na Olkaria V mwaka 2019. Sehemu kubwa ya mitambo hiyo imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate, iliyotangazwa mwaka 1984, au mpakani mwake. Ukitoka nje ya hifadhi unakutana na maboma ya Wamaasai na mbuzi wao, na ukiteremka ziwani unakutana na mashamba ya maua ambayo wafanyakazi wake huingia na kutoka kwa zamu, wengine kabla hakujapambazuka. Mlinzi wa mahali kama hapa, awe na miguu miwili au minne, sharti ajue kutulia.

Wamaasai wenyewe wana mbwa wa kulinda tangu zamani. Mbwa wa boma hawafunzwi kung'ata mtu. Hulala nje karibu na zizi na kubweka fisi au chui anaponyemelea, ili wenye mifugo waamke wakiwa na mikuki. Ulinzi wa kutoa habari ndio ulinzi wa kale zaidi, na hadi leo nyumba nyingi hazihitaji zaidi ya huo. Ningemshauri kila anayetaka mbwa ajiulize kwanza kama anataka wa kumwamsha au wa kumpigania, maana wa pili hugharimu miaka ya kazi.

Ufundi wa mbwa wa kupigana kwa amri ulianza kupangwa Ulaya mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1899 polisi wa mji wa Ghent, Ubelgiji, walianza kufanya doria za usiku na mbwa. Mwaka huohuo Max von Stephanitz, aliyekuwa askari wa farasi nchini Ujerumani, alianzisha chama cha mbwa aina ya shepadi wa Kijerumani, na mbwa wake Horand von Grafrath akawa wa kwanza kusajiliwa. Viwanda vilikuwa vinaenea na kazi ya kuchunga kondoo inapungua. Von Stephanitz aliogopa kwamba shepadi angebaki pambo la kutazamwa, akamtafutia kazi polisini. Majaribio ya kwanza ya kuwapima mbwa hao kwa utii, unusaji na ulinzi yalifanyika mwaka 1901, nayo ndiyo yaliyozaa mchezo ulioitwa kwa miaka mingi Schutzhund, yaani mbwa wa ulinzi. Asili yake haikuwa burudani. Yalikuwa mtihani wa kumjua mbwa anayefaa kuzaa. Asiyeweza kazi hakustahili kuacha uzao, hata awe na sura nzuri kiasi gani. Waholanzi walianzisha chama chao cha mbwa wa polisi mwaka 1907, na mwaka 1910 ofisa wa polisi wa Kijerumani, Konrad Most, akatoa kitabu cha mafunzo kilichosomwa kwa miongo mingi. Njia zake zilikuwa za mkono mzito. Wakufunzi wengi wa leo hutegemea malipo zaidi ya adhabu, kwa kuwa mbwa anayefanya kazi kwa hofu huvunjika siku hofu nyingine inapozidi ile ya bwana wake.

Polisi wa Kenya wana kikosi cha mbwa tangu zama za ukoloni. Katika hifadhi kama Lewa huko Meru na Ol Pejeta huko Laikipia, mbwa hufuata nyayo za majangili, na wale wa shirika la African Wildlife Foundation, waliofunzwa Usa River karibu na Arusha, hunusa pembe za ndovu kwenye uwanja wa ndege wa Nairobi na bandari ya Mombasa. Kazi hizo ni za pua. Mbwa hodari wa kunusa huenda asing'ate mtu maisha yake yote, na wa kung'ata asijue pembe ni nini.

Mbwa huchaguliwa kwa nasaba na kwa tabia. Shepadi wa Kijerumani ndiye anayejulikana zaidi Kenya. Dume lake huwa na kilo 30 hadi 40, na udhaifu wake mkubwa ni nyonga, hivyo wazazi wapigwe eksirei kabla ya kuzalishwa. Malinois wa Ubelgiji ni mwepesi na ana kasi, lakini humsumbua mmiliki asiye na kazi ya kumpa. Rottweiler ana nguvu na subira, ila joto la adhuhuri humchosha upesi. Kwenye uzao, kilebu wa kuchukua ni yule anayekuja kumnusa mgeni, anayekimbilia kitambaa kikiburutwa, na anayeshtuka sufuria ikidondoka kisha akarudi kuichunguza. Anayejificha pembeni na kunguruma hafai, ingawa wanunuzi wengi humpenda wakidhani ndiye mkali. Ukali wa woga ndio unaong'ata watoto.

Kati ya wiki ya tatu na takriban ya 14 ya maisha yake, kilebu hupokea dunia kama ilivyo. Anachokutana nacho kwa amani wakati huo hakitamtisha ukubwani. Atembezwe penye pikipiki, watoto wa shule, akina mama wenye mizigo kichwani, watu wa makoti ya mvua na kofia ngumu, ngazi za chuma na sakafu zinazoteleza. Wengi hufanya kinyume: humfungia bandani asimzoee mtu, wapate mbwa wa kuogopwa. Wanachopata ni mbwa anayeogopa, na mbwa anayeogopa hawezi kuchagua.

Utii hutangulia meno. Kukaa, kulala, kufuata mguu, kuja akiitwa na kubaki alipoachwa hufunzwa kwa chakula na mchezo hadi mbwa azitii amri hizo mbele ya mbuzi wanaopita. Wakati huohuo hamu yake ya kuwinda hujengwa kwa kipande cha gunia. Mkufunzi hukiburuta, mbwa hukidaka, huvutana nacho na kuachiwa akibebe kwa ushindi. Mchezo huu humfunza kung'ata kwa mdomo mzima na kwa utulivu. Anayeng'ata kwa ncha za meno na kubadilisha mahali kila mara ana wasiwasi, na jeraha lake ndilo baya zaidi kwa kuwa hurarua.

Baada ya gunia huja mto wa kung'ata, kisha mkono wa kinga, ambao ni gamba gumu lililofunikwa kwa nyuzi nene. Huuvaa mtu ninayemwita hapa mwizi wa mazoezi, na yeye ndiye mwalimu wa pili wa mbwa. Kazi yake haijui kila mwenye nguvu. Humsoma mbwa macho, masikio na pumzi, humtisha kidogo apate kujitetea, kisha hurudi nyuma sekunde ileile mbwa anapokaza, ili ajifunze kwamba ujasiri huleta ushindi. Akimzidishia vitisho kijana wa miezi kumi, amemharibu, na ni vigumu sana kumrekebisha. Ndiyo sababu mafunzo mazito hungoja mwili na akili vikomae, mwaka mmoja na nusu hivi.

Kuachia hufunzwa tangu siku ya gunia. Mwizi wa mazoezi husimama kama mti, mwongozaji hutoa neno moja fupi, mbwa huachia, na papo hapo mchezo huanza upya. Mbwa hugundua kwamba kuachia hakumnyang'anyi kitu; ndiko kunakomrudishia mchezo. Asiyefunzwa hivi huachishwa kwa kukabwa shingo, naye hukaza zaidi kwa kuwa anajua ananyang'anywa. Ukienda kununua mbwa aliyefunzwa, usiombe kuonyeshwa anavyong'ata. Omba kuonyeshwa akiachia kwa neno moja, mwongozaji akiwa hatua kumi nyuma yake.

Mashindano hupima haya yote hadharani. Mchezo wa Schutzhund ulipitia jina la IPO na tangu 2019 huitwa IGP. Una sehemu tatu, yaani kufuata nyayo, utii na ulinzi, kila moja ikiwa na alama 100, na mbwa hufaulu kwa kupata angalau 70 katika kila moja. Daraja ni tatu, na la kwanza halifunguliwi kwa mbwa aliye chini ya miezi 18. Katika ulinzi wa daraja la juu mbwa hukimbia kuzunguka vificho sita uwanjani. Akimkuta mtu amesimama tuli kwenye cha mwisho, hapaswi kumgusa: humsimamia na kumbwekea hadi mwongozaji afike. Mtu akikimbia, mbwa humkamata. Akishambulia, mbwa hushika na kuvumilia mapigo ya fimbo laini. Akisimama, mbwa huachia. Asiyeachia hata baada ya amri ya tatu huondolewa mashindanoni, hata angekuwa na alama nyingi namna gani.

Wafaransa wana mchezo wao wa Ring, ambamo mwizi wa mazoezi huvaa gwanda la kinga mwili mzima. Humo mna zoezi moja ninalolithamini kuliko yote. Mtu anamjia mwongozaji, wanapeana mikono, wanazungumza, wanaagana. Mbwa yupo kando na hana ruhusa ya kufanya lolote. Ni pale tu mtu huyo anapompiga mwongozaji ndipo mbwa huingia, bila amri. Zoezi jingine ni kukataa chakula kilichotupwa, na hilo halihitaji kuelezwa mara mbili kwa Mkenya anayejua nyama yenye sumu inavyotupwa juu ya ukuta usiku.

Hata hivyo bingwa wa uwanjani si lazima awe mlinzi. Wapo mbwa wanaoupenda mkono wa kinga kuliko kumtazama aliyeuvaa. Ukiuvua na kuutupa chini, wanaufuata. Mbwa wa ulinzi wa mtu hufunzwa zaidi kwa kinga iliyofichwa ndani ya koti, kwa kufungwa mdomo ili agonge bila kung'ata, gizani, ndani ya gari, na mahali asipopazoea.

Hapo Olkaria inarudi. Kisima kinapofunguliwa kupimwa, mvuke hutoka kwa ngurumo inayozima sauti ya mtu, na mbwa aliyezoea amri za mdomo pekee hubaki bila mwongozaji. Amri za mkono zifunzwe sambamba na za sauti. Hewa ina gesi yenye harufu ya mayai yaliyooza, nayo ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama mabondeni. Pua ya mbwa iko sentimita 60 tu juu ya ardhi, kwa hiyo gesi humfikia kabla ya mtu: akianza kuyumba au kukataa kuingia shimoni, asisukumwe. Ardhi yenye joto huifukuza harufu ya nyayo upesi, kwa hiyo kazi ya kufuata nyayo ifanywe alfajiri, umande ungalipo. Mawe ya kioo cha volkano hukata nyayo za mbwa, nazo zikaguliwe kila baada ya doria. Na chui wa maeneo haya humhesabu mbwa kuwa chakula. Kumfunga peke yake nje usiku ni kumtoa kafara.

Sheria na afya vinamhusu mwenye mbwa moja kwa moja. Kwa kanuni ya kisheria ambayo Kenya iliirithi kutoka Uingereza, anayefuga mnyama akijua ni wa hatari hulipa madhara yake hata bila uzembe kuthibitishwa, na aliyemfunza mbwa kung'ata hawezi kusema hakujua. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni ya kila mwaka. Kenya imejiwekea mwaka 2030 kuwa ukomo wa vifo vya watu kwa ugonjwa huo, na karibu wote wanaoupata duniani huupata kwa mbwa. Mtu aking'atwa, hata na mbwa aliyechanjwa, kidonda kioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo.

Mbwa wa nyumbani haruhusiwi kuingizwa Hell's Gate bila idhini. Mbwa huweza kuwaambukiza wanyamapori: mwaka 1994 ugonjwa wa distempa, unaohusishwa na mbwa wa vijijini, uliua takriban theluthi ya simba wa Serengeti, karibu simba 1,000. Unayetaka kumzoesha mbwa wako ngurumo ya mvuke, mfanyie mazoezi nje ya hifadhi. Usimpitishe Lango la Elsa wala Lango la Olkaria.