Raga ya Ligi: Ushujaa wa Jana na Miili Iliyolipa

Mashabiki wa raga ya ligi, wawe wa miji ya kaskazini mwa Uingereza au wa vitongoji vya Sydney, wana ubishi mmoja usioisha: nani alikuwa imara zaidi, mchezaji wa zamani au wa leo? Wazee humtaja Alan Prescott na mkono wake uliovunjika, au John Sattler na taya lake. Vijana hujibu kwamba wachezaji wa sasa ni wazito zaidi, wana mbio zaidi, na hugongana kwa nguvu ambayo wazee hawakuwahi kuionja. Pande zote mbili zina hoja. Kinachosahaulika ni sheria walizochezea watu hao, maana sheria ndizo zilizoamua nani angeumia na nani angebaki uwanjani baada ya kuumia.

Wengi wetu Afrika Mashariki tunaijua raga kupitia timu ya Kenya ya wachezaji saba. Raga ya ligi ni mchezo mwingine, wenye wachezaji 13 kila upande, na chimbuko lake ni ujira. Tarehe 29 Agosti 1895 viongozi wa vilabu vya kaskazini walikutana katika hoteli ya George mjini Huddersfield, wakajitenga na chama kikuu cha raga. Wachezaji wao walikuwa wachimba makaa ya mawe na vibarua wa viwandani. Aliyekwenda kucheza alipoteza malipo ya muda aliokosa kazini, na wakubwa wa mchezo walikataa katakata afidiwe. Huko Australia, Alex Burdon aliumia mwaka 1907 akiichezea New South Wales, asipate fidia. Manung'uniko yaliyofuata yalichangia kuzaliwa kwa ligi mpya mjini Sydney, iliyoanza mechi zake 1908 na kumpata nyota wake wa kwanza, Dally Messenger. Kwa hiyo swali la nani anagharimia mwili wa mchezaji lina umri sawa na mchezo wenyewe.

Mwaka 1906 ulileta badiliko kubwa kuliko yote. Wachezaji walipunguzwa kutoka 15 hadi 13, na ikaamuliwa kwamba anayekabwa na kuangushwa asimame, aurudishe mpira nyuma kwa mguu, mchezo uendelee. Lile rundo la watu wanaogombea mpira chini likatoweka. Uwanja ukawa na nafasi, watazamaji wakafurahi. Lakini tangu hapo kazi kuu ya mchezaji ikawa kukimbilia ukuta wa watu, kuangushwa, kuinuka, kisha kurudia. Leo mchezaji wa mbele anaweza kukaba mara 40 na zaidi katika mechi moja.

Zamani hapakuwa na wachezaji wa akiba. Katika mechi ya Sydney ya 1914, Uingereza ilibaki na watu kumi kwa sababu ya majeraha, na bado ikashinda 14 kwa 6. Prescott alirithi desturi hiyo. Alikuwa nahodha wa Uingereza mjini Brisbane, Julai 1958, alipovunjika mkono wa kulia dakika za mwanzo kabisa. Mwenzake, David Bolton, alitoka akiwa amevunjika mfupa wa bega. Nahodha naye angetoka, wangebaki kumi na mmoja. Wakati wa mapumziko alikataa kuacha, akarudi uwanjani mkono ukining'inia, akawa anakaba kwa mkono mmoja. Uingereza ilishinda 25 kwa 18. Mimi namheshimu Prescott kwa moyo wote. Ila sheria iliyomwachia uchaguzi kati ya mkono wake na wenzake ilikuwa sheria mbaya, na sioni kwa nini tuitamani irudi.

Sattler ni habari nyingine. Kufikia 1970 wachezaji wa akiba walikuwa wameanza kuruhusiwa. Katika fainali ya mwaka huo kati ya South Sydney na Manly alipigwa ngumi mapema, taya likavunjika. Alimwomba mwenzake Mike Cleary amshikilie asianguke, ili wapinzani wasitambue kwamba ameumia. Akacheza hadi mwisho, timu yake ikashinda 23 kwa 12, akapokea kombe na kuhutubia kabla ya kupelekwa hospitali. Simulizi hiyo husimuliwa kila msimu wa fainali. Kinachosimuliwa mara chache ni kwamba Sattler aliishi miaka yake ya mwisho na maradhi ya kupoteza kumbukumbu, akafariki Machi 2023.

Mwendo wa mchezo ulizidi kuongezwa. Kufikia miaka ya 1990 walinzi walitakiwa kurudi nyuma mita 10 badala ya tano, ili wenye mpira wapate nafasi. Mita hizo huwapa pande zote mbili umbali wa kukusanya kasi kabla ya kugongana. Ndiyo maana nakubaliana na vijana kwenye hoja hii: kishindo cha leo ni kikubwa zaidi.

Gharama yake imeonekana. Machi 2014, Alex McKinnon wa timu ya Newcastle Knights alibebwa na wakabaji watatu, akatua kwa kichwa, shingo ikavunjika, akapooza. Hatari nyingine, kumgonga mpinzani kwa bega bila kumshika kwa mikono, ilikuwa imepigwa marufuku katika ligi kuu ya Australia tangu msimu wa 2013. Hata hivyo, mwaka 2015 James Ackerman, mwenye miaka 25, alifariki baada ya kugongwa hivyo katika mechi ya ligi ya Queensland.

Kisha zikaja habari za ubongo. Baada ya kifo cha mchezaji wa zamani Steve Folkes, na baadaye cha Paul Green, kocha aliyeipa timu ya Cowboys ubingwa wa ligi kuu ya Australia wa 2015, wataalamu walikuta katika bongo zao ugonjwa unaohusishwa na kugongwa kichwa mara kwa mara kwa miaka mingi, ugonjwa ambao huthibitishwa tu mtu akishafariki. Tangu 2023 mchezaji wa ligi kuu ya Australia anayepata mtikisiko wa ubongo hulazimika kupumzika siku 11, isipokuwa kwa kibali maalumu cha madaktari. Desemba mwaka huohuo chama cha Uingereza kilipiga kura kushusha kimo cha kukaba hadi chini ya kwapa. Wapo mashabiki waliolalamika kwamba mchezo unalainishwa. Malalamiko kama hayo yamesikika kila sheria ya usalama ilipoletwa, na viwanja havijafungwa.

Wally Lewis, nahodha wa zamani wa Australia ambaye Queensland humwita Mfalme, alitangaza mwaka 2023 kwamba madaktari wanaamini ana dalili za ugonjwa huohuo. Tangu hapo amekuwa akiwaomba wenye mamlaka fedha za elimu na za kuwasaidia wagonjwa. Waliompa ufalme huo wamsikilize angali hai.