Vituo vya Huduma za Pamoja (India)

Vituo vya Huduma za Pamoja ni mtandao wa ofisi ndogo nchini India zinazowapatia wanavijiji huduma za serikali kwa kompyuta. Mpango uliidhinishwa mwaka 2006, ukilenga vituo 100,000 kwa vijiji takriban 600,000. Mwaka 2015 lengo lilipanuliwa, angalau kituo kimoja kwa kila baraza la kijiji. Mwendeshaji si mtumishi wa umma bali mjasiriamali wa hapohapo, anayelipwa kamisheni kwa kila shughuli: kuomba cheti, kulipa bili ya umeme, kujaza fomu ya pensheni. Hapo ndipo penye nguvu ya mpango, na udhaifu wake pia: umeme ukikatika au intaneti ikilegalega, yeye hukosa kipato na mteja hurudi mikono mitupu.