Mwalimu wa Dhaka na Noti Zisizo na Namba

Mazoezi ya mwanzo ya fizikia ya kwanta yana tabia moja inayonikera: yanakupa jibu la mwisho la ugomvi bila kukwambia nani aligombana na nani.

Chukua swali ambalo karibu kila kitabu kinalo. Mwanga wa kijani una urefu wa wimbi wa nanomita 500. Chembe yake moja, yaani fotoni, ina nishati kiasi gani? Unachukua namba ya Max Planck, 6.626 × 10⁻³⁴, unaizidisha kwa kasi ya mwanga, unagawanya kwa urefu wa wimbi. Jibu ni kama 4 × 10⁻¹⁹ ya jouli. Kwa hiyo taa inayotoa wati 1 ya mwanga huo inarusha fotoni kama 2.5 × 10¹⁸ kila sekunde. Umepata vema, nenda swali la pili.

Mimi ni mwandishi wa habari na shahada yangu haina undugu na fizikia. Ila kwa miezi kadhaa sasa, nikishatuma habari ya jioni, nafungua daftari na kufanya maswali haya moja moja. Na kazi yangu imenizoesha kuuliza: nani kasema, lini, na kajuaje? Nilipoifuata namba ya Planck kwa maswali hayo, nilitegemea kuishia Berlin. Nikajikuta Dhaka.

Tuanzie Berlin basi. Chuma kikipata moto huwa chekundu, kisha cha njano, kisha cheupe. Mwishoni mwa karne ya 19 wanafizikia walikuwa wamepima rangi hizo kwa makini, lakini nadharia yao ilikataa kulingana na vipimo. Desemba 1900, Planck alitoa maelezo ya kanuni iliyolingana. Sharti lake lilikuwa kwamba nishati itoke kwa vifungu, siyo kwa mtiririko. Mwaka 1905 Albert Einstein akaenda mbali zaidi: mwanga wenyewe uko katika vifungu.

Kanuni ilikuwa sahihi. Shida ilikuwa njia ya kuifikia. Nusu ya hesabu ya Planck ilitumia mawimbi ya fizikia ya zamani, nusu nyingine ikatumia vifungu vipya, wakati mambo hayo mawili hayapatani. Hata Einstein alipoirudia hesabu hiyo mwaka 1916 na 1917, bado alilazimika kuazima kipande kutoka kule kwa wazee.

Sasa twende Dhaka, wakati huo ndani ya India iliyotawaliwa na Waingereza, leo mji mkuu wa Bangladesh. Chuo Kikuu cha Dhaka kilifunguliwa mwaka 1921, na miongoni mwa walimu wake wa mwanzo alikuwa Satyendra Nath Bose, kijana wa Calcutta. Hakuwa na shahada ya uzamivu. Vitabu vipya vya Ulaya vilimfikia kwa shida. Lakini alikuwa na kazi ambayo mabingwa wengi wa Berlin hawakuibeba kwa namna yake: kusimama mbele ya wanafunzi na kueleza kila hatua inatoka wapi. Baadaye alisimulia kwamba ualimu ndio uliomfanya aone wazi mkanganyiko ule. Unaweza kuificha hatua mbovu kwenye makala. Darasani kuna mtu atanyoosha mkono.

Alichofanya ni kubadilisha namna ya kuhesabu. Ngoja nilieleze kwa pesa.

Kuna noti mbili za elfu moja, na watu wawili, Asha na Juma. Kila noti ina namba yake. Ukizigawa kwa bahati nasibu kuna njia nne: zote kwa Asha, zote kwa Juma, ya kwanza kwa Asha na ya pili kwa Juma, au kinyume chake. Uwezekano wa kila mmoja kupata elfu moja ni 2 kati ya 4, yaani nusu.

Sasa pesa hiyohiyo iwe kwenye simu. Salio halina namba za noti. Hali ziko tatu tu: elfu mbili kwa Asha, elfu mbili kwa Juma, au elfu moja moja. Kuuliza "elfu ipi iko kwa Asha?" ni swali lisilo na maana. Bose alizihesabu chembe za mwanga kwa mtindo huu, kila hali ikiwa na uzito sawa. Uwezekano wa elfu moja moja unashuka hadi theluthi moja, na uwezekano wa zote kukaa pamoja unapanda kutoka nusu hadi theluthi mbili. Mwanga unapenda kujumuika, bwana. Kwa hesabu hiyo kanuni ya Planck ikatoka nzima, bila kuazima mawimbi.

Bose mwenyewe alikuja kukiri kwamba hakujua amefanya jambo jipya kiasi hicho. Alijiona amesafisha tu somo.

Tarehe 4 Juni 1924, akiwa na miaka 30, aliituma makala yake kwa Einstein, mtu ambaye hawajawahi kuonana. Iliandikwa kwa Kiingereza. Akamwomba, akiona inafaa, asaidie ichapishwe kwa Kijerumani, maana Kijerumani chake hakikutosha. Einstein aliitafsiri mwenyewe, ikatoka mwaka huohuo katika jarida la Zeitschrift für Physik. Kisha akaipeleka hesabu ile kwenye atomu na kubashiri kwamba zikipozwa sana zitajikusanya katika hali moja. Mwaka 1995 Eric Cornell na Carl Wieman wakalifanya jambo hilo Colorado, Marekani, kwa atomu za rubidi. Mwaka 2001, pamoja na Wolfgang Ketterle, wakapata Nobel. Bose alifariki mwaka 1974 bila kuipata, ingawa moja ya makundi mawili makuu ya chembe za ulimwengu huitwa bosoni kwa heshima yake.

Lakini kinachonigusa zaidi ni alichofanya akiwa tayari na jina. Mwaka 1948, mjini Calcutta, alianzisha chama cha kueneza sayansi kwa Kibengali, chenye jarida lake, Jnan o Bijnan. Huyu si mtu aliyeogopa lugha za kigeni. Mapema kabisa, yeye na rafiki yake Meghnad Saha walitafsiri makala za Einstein kwenda Kiingereza. Alijua thamani ya lugha za kusafiria. Alijua pia kwamba kuelewa hutokea nyumbani.

Kwetu Tanzania mtoto anasoma sayansi kwa Kiswahili miaka yote ya msingi kwenye shule nyingi za serikali, halafu anaingia sekondari na kila kitu kinageuka Kiingereza. Wengi wanaokoka kwa kukariri. Eti tunaambiwa msamiati hautoshi. TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990! Maneno tunayo. Tunachokosa ni watu wa kuyatumia kubishana juu ya hatua ya tatu ya swali la tano, mpaka mmoja aseme: hapa pana uongo, tuhesabu upya.

Basi chukua zoezi. Noti tatu zenye namba, watu watatu: njia 27. Elfu tatu kwenye simu, watu walewale, kila mmoja akipokea elfu nzima nzima: hali 10. Usiniamini. Chukua kalamu uhesabu, na ukimaliza mweleze mtu mmoja kwa Kiswahili kwa nini si 27.